Jina Chini ya Kiraka

Karatasi ya kumi na tisa ilikuwa nyeusi. Mebrure, aliyekuwa amepiga magoti mbele ya sanduku la mwalimu wake, aliikunjua nusu tu akajua kwamba haikuandikwa na mwalimu.

Hakushtuka. Sanduku la mwandishi wa hati za mapambo aliyefika miaka sabini na sita halikosi kazi za watu wengine: zawadi, mazoezi ya wanafunzi, vipande alivyoviokoa kutoka kwa wauza jibini waliokuwa wakivifungia bidhaa. Aliinuka, kwa kuwa jina la Mungu halilazwi chini, akaitandaza karatasi mezani kando ya dirisha. Nje, mtaa wa Üsküdar ulikuwa umelowa kwa mvua ya Novemba, na muuza makaa alikuwa akibishana na mwanamke wa ghorofa ya tatu kuhusu gunia lililoingia maji. Ndani, Mwalimu Münip alikuwa amesinzia kwenye kiti chake karibu na jiko, blanketi limemfika kifuani. Mkewe, Naime Hanım, yaani Bibi Naime, alikuwa jikoni akipepeta dengu.

Kwenye karatasi yaliandikwa maneno mawili tu, kwa wino wa manjano, kwa herufi ndefu kama mkono wa mtu mzima. Ya Wadud. Ewe Mwenye Upendo.

Hapo Mebrure akavuta kiti, akaketi.

Maneno yale aliyajua. Kila aliyependa hati katika Istanbul aliyajua. Yalikuwa ya dhahabu, kwenye kibao cha buluu iliyokolea, juu ya mlango wa ndani wa msikiti mdogo uliojengwa upya mwaka 1951 nyuma ya soko la samaki. Na pembeni, kwa herufi ndogo, palikuwa na sahihi ya Münip. Kibao hicho ndicho kilichompa mwalimu jina. Kabla yake alikuwa mmoja tu kati ya waandishi wengi walioachwa bila kazi herufi za zamani, za Kiarabu, zilipoondolewa. Baada yake barua zilimfuata kutoka Cairo na Baghdad, na wanafunzi wakapanda ngazi hizi hizi na kalamu zao za matete. Sasa paa la msikiti lilikuwa linavuja, kibao kimeteremshwa na kuletwa kwenye ghala alikofanya kazi Mebrure, na baada ya wiki tatu kingetundikwa katika maonyesho ya kumheshimu mwalimu. Ndiyo sababu alikuwa hapa, akiorodhesha yaliyomo sandukuni.

Hati kubwa kama ile haiandikwi moja kwa moja kwenye ubao. Mwandishi huiandika kwanza kwa wino wa manjano juu ya karatasi nyeusi. Kisha kingo za kila herufi hutobolewa kwa sindano, tundu kwa tundu, mamia kwa mamia. Karatasi huwekwa juu ya ubao na kupigwapigwa kwa kifuko cha unga wa chaki. Unga hupita kwenye matundu. Ukiondoa karatasi nukta nyeupe zimebaki, na dhahabu huzifuata nukta. Karatasi hiyo ndiyo kiolezo. Anayetoboa anaweza kuwa mtu mwingine, anayepaka dhahabu akawa mwingine tena. Wino wa manjano ni wa mwandishi mwenyewe.

Na wino huu haukuwa wa Münip. Mwalimu alikuwa mtu wa kurudia. Violezo vyake vyote vilikuwa na makovu: hapa alipunguza tumbo la herufi, pale aliongeza, pale alijuta. Huyu hakuwa amejuta popote. Kalamu ilishuka kwenye herufi ya wau ya kwanza kama maji yanavyoingia kwenye mfereji yanaoujua, ikainuka, ikashuka tena kwenye ya pili, na mkia wa ya pili ulikwenda chini kidogo kuliko wa kwanza, kwa makusudi, kama mtu anayeinama kumsikiliza mtoto.

Mkia ule. Miaka ishirini na mitatu Mebrure alikuwa akienda kusimama chini yake. Kwenye kadi ya kumbukumbu za Münip, ghalani, alikuwa ameandika kwa mkono wake mwenyewe kwamba katika kazi za ukubwani mkia wa wau hushuka. Hakuwahi kujiuliza kwa nini ulishuka mara moja tu.

Kwenye pembe ya chini, mahali pa sahihi, palibandikwa kiraka cha karatasi nyeusi, na juu ya kiraka matundu yalisomeka Münip. Gundi ilikuwa imekauka na upande mmoja umeinuka kwa uzee. Mebrure aliingiza ncha ya kisu cha karatasi chini yake. Kiraka kiliachia bila kuchanika. Akaiinua karatasi nzima, akaiegemeza kwenye kioo cha dirisha, na mwanga hafifu wa mvua ukaingia kwenye matundu yote kwa pamoja. Chini kabisa, pale kiraka kilipokuwa, palikuwa na nukta nyingine, ndogo, zilizosongamana. Nuni, alifu, fe, dhali, ambayo Waturuki huisoma z.

Nafiz.

Baba yake Mebrure aliitwa Nafiz.

Alimkumbuka kwa vitu vichache. Alikuwa mwembamba na alikohoa. Serikali ilipobadilisha herufi Mebrure alikuwa na miaka mitatu. Kalamu za baba ziliingia kwenye mkebe, mkebe ukapanda juu ya kabati, naye akapata kazi ya kuandika majina ya dawa kwenye mitungi ya duka moja la dawa huko Fatih. Aliandika kwa herufi mpya za Kilatini, vizuri na bila furaha, kama mtu anayetembea na viatu vya jirani. Alifariki mwaka 1939. Mwezi uleule mwanamume mmoja alibisha hodi, akavua kofia, akamwambia mama kwamba alisoma hati pamoja na marehemu kwa mwalimu mmoja, na kwamba mtoto huyu tangu leo ni mtoto wake pia. Huyo alikuwa Münip. Mebrure alikuwa na miaka kumi na minne.

Naye alitimiza. Alimsomesha. Alimnunulia koti la kwanza lisilokuwa la mtu mwingine. Mebrure alipofika miaka kumi na minane alimtafutia kazi ghalani, ambako vibao kutoka majumba na misikiti iliyofungwa vilikuwa vimeegemezwa ukutani, vingi havina sahihi, na akamfundisha kuvisoma. Kila Alhamisi, chai ikiwa mezani, alimtandazia picha na kumuuliza huu ni mkono wa nani, yaani mwandiko wa nani. Alimfundisha kutazama mahali kalamu ilipotua, si mahali ilipopendeza. Alimwonyesha kwamba mwanafunzi anaweza kuiga herufi za mwalimu wake, lakini hawezi kuiga pumzi zake. Baada ya miaka thelathini na moja Mebrure aliijua mikono mia mbili na kumi, na watu walifunga safari kutoka Ankara na London kumuuliza mwanamke mwenye sweta la kijivu ambaye mwenyewe hakuwahi kushika kalamu ya tete.

Mkono mmoja hakuujua. Akiwa msichana aliwahi kuuliza mkono wa baba ulikuwaje. Mwalimu alimimina chai kwanza. Alisema marehemu alikuwa na kipaji, ila maisha hayakumpa nafasi, na hakuacha kitu cha kuhifadhiwa. Mebrure hakuwa na sababu ya kutoamini. Mama yake, kwa hofu ya miaka ile, alikuwa amezifunga karatasi zote za mumewe katika shuka safi na kuzizika bustanini, kama anavyozikwa mtu. Na mwaka 1957 barabara ilipopanuliwa, nyumba ilibomolewa na bustani ikaingia chini ya lami.

Kwenye kiti, mwalimu alifungua macho.

Mwaka huo wote akili yake ilikuwa ikija na kuondoka. Kuna Alhamisi alimjua Mebrure na kumuuliza habari za ghala. Kuna nyingine alimwamkia kwa adabu, kama mke wa jirani aliyekuja kuazima ungo. Lakini mikono hakuisahau. Asingeweza kukwambia alikula nini mchana, ila ukimwekea picha mbele yake angetaja jina na mwaka.

Mebrure alisogeza kiti karibu na jiko, akamwekea ile karatasi mapajani, kiganja chake kimefunika pembe ya sahihi. Sauti yake ilitoka kama ya Alhamisi zote.

"Mwalimu, huu mkono wa nani?"

Mzee alitazama. Kidole chake kilifuata mkia wa wau hewani, bila kuugusa.

"Nafiz," alisema, kwa sauti ileile aliyowatajia wengine wote.

"Nafiz yupi?"

"Nafiz wetu. Nani mwingine anaishusha hivi?" Kisha akageuza shingo kuutazama mlango, akaanza kuikunja karatasi kwa haraka. "Irudishe sandukuni. Irudishe, msichana anakuja sasa hivi."

"Msichana gani?"

"Wake. Kwani leo si Alhamisi?" Alimwinamia, kama mtu anayemweleza siri abiria mwenzake kwenye treni, kwa kuwa hawataonana tena. "Alinipa karatasi na mtoto, siku mbili kabla hajafa. Akaniambia, Münip, ipo siku wataturuhusu tena. Siku hiyo unipandishie kibao changu. Mtoto nilimtunza. Muulize mtu yeyote hapa mtaani. Mtoto nilimtunza vizuri."

"Na karatasi?"

Kuni zilisogea ndani ya jiko.

"Imamu alikuja kuniagiza kitu cha msikiti wake mpya," alisema. "Akaiona pale mezani. Akalia, mtu mzima yule. Akanishika mikono hii, akaibusu. Nilidhani nitamwambia kesho yake."

Sauti ya dengu kwenye ungo ilikuwa imekoma. Naime Hanım alikuwa amesimama kwenye mlango wa jiko la kupikia, akimtazama Mebrure, na usoni pake hapakuwa na mshangao. Mebrure aliichukua karatasi mapajani mwa mzee, akaikunja, akavaa koti lake. Katika miaka thelathini na mitano ilikuwa mara ya kwanza kutoka nyumba ile bila kumbusu mwalimu mkono.

Kesho yake alifanya kazi yake. Alilaza kibao mezani, akaweka kiolezo juu. Matundu yalikaa kwenye kingo za dhahabu sawasawa, herufi zote, isipokuwa kwenye sahihi. Alipiga picha. Aliandika vipimo. Aliandika ukurasa mmoja na nusu bila kutumia popote neno baba, akampelekea Turgut Bey, mkuu wa ghala, mtu aliyemzidi kwa miaka kumi, muungwana na mwoga, ambaye vitabu vyake vya maonyesho vilikuwa tayari mtamboni.

Turgut alisoma mara mbili, akavua miwani.

"Kiolezo ni cha kibao hiki, hilo silibishii," alisema. "Lakini Nafiz yupi, Mebrure Hanım? Kwenye droo zako mwenyewe za kadi wapo Nafiz watano."

"Huyu hayumo kwenye droo."

"Basi tumlinganishe na nini? Nipe kazi yake moja yenye sahihi. Moja tu. Ukurasa wa mazoezi. Hata bahasha."

Hakuwa nayo. Alieleza kwamba mwalimu mwenyewe alilitaja jina. Turgut aliuliza, kwa upole, kama siku hiyo mwalimu alijua yuko mwaka gani.

"Haya umenifundisha wewe," Turgut alisema. "Yule dereva wa basi wa Bursa, unamkumbuka?"

Alimkumbuka. Alikuwa mwanamume mnene, mwenye haya, aliyesafiri na fremu ameifunga kwenye blanketi la mtoto mchanga. Ukoo wao wote ulijua kwamba hati ile iliandikwa na babu. Mebrure aliichunguza kwa lenzi, akamwambia kwamba mwandishi ni mtu wa Edirne aliyemtangulia babu yake kwa miaka hamsini. Dereva alipoanza kueleza babu alikuwa mtu wa namna gani, alimkatiza kwa maneno aliyowaambia wote waliokuja hivyo, kwamba familia inapenda tu, haishuhudii. Dereva aliifunga tena fremu yake. Alichukua muda mrefu sana kwenye fundo la mwisho. Siku ile Mebrure aliona tu mtu anayemchelewesha.

"Kama angekuja mwanamke mwingine na karatasi hii akasema ni ya baba yake," Turgut aliuliza, "ungeandika nini?"

Mebrure alitazama mikono yake mwenyewe iliyokuwa juu ya meza ya bosi.

"Ningeandika Nafiz, asiyejulikana."

Turgut hakufurahi kushinda. Alimwagizia chai, nayo ikapoa.

Jumamosi alivuka maji kwenda Fatih. Duka la dawa lilikuwepo bado, mikononi mwa mjukuu wa mwenye duka wa zamani, kijana mchangamfu aliyemwita shangazi na kumpa kiti. Mitungi mingi ilikuwa imekwisha kuvunjika au kuuzwa kwa wakusanyaji, alisema, lakini mmoja ulibaki juu ya rafu kwa sababu bibi aliupenda. Akauteremsha, akaufuta vumbi kwa mkono wa koti. Ulikuwa mtungi mweupe wa kaure, na mbele yake, kwa rangi nyeusi, neno moja, lenye maana ya iodini: İYOT kwa herufi kubwa, na chini yake iyot kwa herufi ndogo.

Mebrure aliuweka karibu na mlango, kwenye mwanga, akatoa lenzi. Rangi ilikuwa ya brashi, si ya kalamu. Herufi zilitoka kushoto kwenda kulia. Hakuna kitu kati ya neno hili na lile la kwenye karatasi kilichoweza kulinganishwa na mtu mwenye akili zake, na alilijua hilo kabla hajapanda kivuko. Hata hivyo alitazama. Wateja waliingia na kutoka, kengele ya mlango ikilia juu ya kichwa chake. Mkia wa y ulikuwa unashuka. Ulishuka kidogo kupita unavyotakiwa kushuka, ukainama. Aliondoa lenzi, akafunga macho, akatazama tena. Unashuka. Au yeye ndiye aliyetaka ushuke. Akaona, bila kutaka, jinsi anavyoonekana hapo: mwanamke wa makamo amekumbatia mtungi wa dawa, akitafuta ndani ya herufi moja ruhusa ya kuamini. Macho hayo alikuwa ameyaona upande wa pili wa meza yake kwa miaka thelathini na moja.

Kijana alisema auchukue tu, shangazi, kama unamkumbusha mtu. Alishukuru, akaurudisha mwenyewe kwenye rafu.

Alhamisi ilifuata, na nyingine, na nyingine. Hakwenda Üsküdar. Siku ya ufunguzi wa maonyesho alisimama nyuma, karibu na makoti. Kibao kilikuwa kimesafishwa, na chini ya taa dhahabu yake iliwaka kuliko ilivyowahi kuwaka msikitini. Profesa mmoja alizungumza juu yake kwa dakika ishirini. Alisema kwamba katika mkia wa wau hii ya pili Mwalimu Münip aliweka maisha yake yote, na watu walitikisa vichwa kukubali, na mwanamke aliyesimama mbele ya Mebrure alijifuta machozi. Mebrure naye alikuwa akiutazama mkia ule. Lililomchoma lilikuwa kwamba profesa hakukosea isipokuwa kwenye jina. Nusu ya umri wake alikuwa ameupenda mkono wa baba yake, akampelekea shukrani mtu mwingine, pamoja na sukari na dawa ya kifua.

Wiki iliyofuata Naime Hanım alikuja ghalani. Hakuwahi kuja pale. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba mapajani, akatazama vibao vilivyoegemezwa ukutani kama mtu aliyeingia chumba cha wagonjwa.

"Gundi niliipika mimi," alisema, kabla hata ya kuulizwa hali. "Ya kiraka. Kwa wanga, kwenye sufuria ndogo. Nilimuuliza ni ya nini, akaniambia. Nikamuuliza, na msichana je? Akasema msichana ana sisi."

Mebrure aliiweka kalamu chini.

"Nilifikiri utaolewa uende zako, nami nitasahau. Hukwenda. Kila Alhamisi unabisha hodi na mfuko wako wa sukari, na mimi nafungua mlango." Alifungua mkoba, akaufunga. "Hakuandika tena kubwa baada ya ile. Watu walisema ni unyenyekevu. Alikuwa anakaa mbele ya karatasi nyeusi mpaka wino unakauka kwenye kalamu."

"Kwa nini hakuniambia mimi? Miaka yote hiyo. Mimi peke yangu, ningemtunzia."

"Wewe ndiye hasa asingeweza kukwambia," Naime alisema. "Ungeacha kuja."

Kisha akasema kwamba hakuja kuomba msamaha, kwa kuwa hajui angeuombea wapi. Alikuja kwa sababu mzee siku za Alhamisi hali chakula. Hajui anamngoja nani, jina halimjii, lakini anakaa amevaa shati safi na haruhusu sahani iwekwe mezani, eti meza ina kazi. Alipomaliza alisimama, akainyoosha kola ya sweta la Mebrure kama alivyomfanyia alipokuwa na miaka kumi na minne, akaondoka.

Mchana ule Mebrure alitoa kadi ya kibao. Kwa miaka mingi ilikuwa na mstari mmoja: Mwandishi, Münip. Aliipiga chapa upya, akiligawa lile neno moja kuwa mawili, kitu ambacho Turgut alikuwa amekubali kwa kadi za ndani ingawa si kwa kitabu. Sahihi: Münip. Mwandishi: Nafiz, kwa ushahidi wa kiolezo. Halafu, kwa kuwa kila mwandishi lazima awe na kadi yake, alichukua nyingine tupu. Mahali pa kuzaliwa aliacha wazi, ingawa alipajua. Mwaka wa kufariki aliacha wazi. Mwalimu wake, wazi. Chini akaandika maneno yanayoandikwa kwa watu kama hao: hakuna habari zaidi. Akaifungua droo ya N, akawasogeza wale watano kwa kidole, akamweka wa sita.

Alhamisi alipanda ngazi za Üsküdar. Naime Hanım alimfungulia mlango, akachukua koti lake. Mwalimu alikuwa mezani na shati safi. Alikuwa amepungua. Aliinua macho, akamtazama kwa adabu ile ya kumwangalia mgeni, na Mebrure akaketi mkabala naye. Hakuwa ameleta picha. Kwenye bakuli palikuwa na machenza, naye, kwa kuwa mikono yake ilitaka kazi, alichukua moja akaanza kulimenya.

"Wewe ni binti wa nani?" mzee aliuliza.

Alitoa ganda lote kwanza. Alitoa na nyuzi nyeupe, moja baada ya nyingine.

"Wa Nafiz."

Uso wa mzee ulifunguka, kwa furaha ambayo Mebrure hakuwa ameiona tangu majira ya joto.

"Nafiz," alisema. "Hajambo kifua? Mwambie aje achukue karatasi yake. Mwambie sijaichafua. Ningempelekea mimi, ila ngazi hizi zimenishinda."

Jikoni maji yalikuwa yakichemka, na hakuna aliyekwenda kuyaondoa. Mebrure aligawanya chenza, akapasua kipande cha kwanza kwa kucha, akatoa mbegu.

"Nitamwambia," alisema.

Akakiweka kwenye kiganja cha mzee. Alikula polepole, akimwangalia, maji ya tunda yakimtiririka kwenye kidevu, na alipomaliza akauleta tena mkono wake katikati ya meza, wazi, akangoja.